Jinsi ya Kupeleka Vitambaa Nane Nane na Kurudi Navyo

Umemaliza seti ya makochi. Kitambaa kikubwa cha meza, vidogo vya mikono ya kochi, cha kufunikia TV na kile cha friji, vyote umevidarizi kwa mkono, waridi jekundu kila kona. Jirani alikuja kuomba chumvi, akavitazama, akasahau chumvi. "Dada, hivi si vya kukaliwa na watu. Peleka Nane Nane." Usimlaumu. Hakujua anakutuma wapi.

Kwa mkazi wa Kingolwira safari yenyewe si ndefu. Viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere viko kando ya barabara ileile ya Dar es Salaam inayopita kwenu. Panda daladala ya mjini, shuka kabla hujafika Msamvu. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, mikoa minne ya Kanda ya Mashariki, yaani Morogoro, Pwani, Dar es Salaam na Tanga, hukutana hapo kuonesha mazao yake, kupewa alama na kugawana vikombe. Kufika getini utafika. Kinachohitaji mwongozo ni kutoka getini hadi kwenye kikombe. Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine. Hazitakupa ushindi, ila utashindwa kwa kufuata utaratibu, na hilo huandikika vizuri kwenye ripoti.

Kwanza, kuwa mkulima. Nane Nane ni Sikukuu ya Wakulima. Mwenye ng'ombe, mwenye mbegu, mwenye trekta, hata mwenye samaki wa bwawa, hao hawaulizwi wamefuata nini. Wewe mwenye sindano utaulizwa. Jibu lako liwe hili: uzi ni pamba, pamba ni zao, basi kitambaa changu ni zao lililoongezewa thamani. Lirudie jikoni mpaka uliamini. Ukiulizwa pamba imelimwa wapi, sema "Kanda ya Ziwa" kwa sauti ya mtu aliyeshiriki kuipalilia. Kama uzi wako ni wa poliesta, nyamaza, poliesta hailimwi. Tahadhari: usithubutu kusema kwamba kazi yako ni sanaa. Sanaa ina ratiba yake pale jukwaani, na ngoma itaanza kulia dakika ileile majaji watakapofika mezani kwako.

Pili, ingia kwenye kikundi. Mtu mmoja haonekani hata akisimama juu ya meza, lakini kikundi huonekana hata wanachama wote wakiwa msibani. Kikundi kinataka jina, katiba, mihutasari ya vikao, akaunti ya benki na barua ya mtendaji. Majina ya Upendo, Tumaini na Jitegemee yameshachukuliwa, kwa hiyo weka lolote kati ya hayo kisha ongeza "B". Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawapokea vizuri na kuwakumbusha asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea 2024. Ikirejea, huwa hairejei peke yake. Hufuatana na washonaji wapya ambao sindano wameiona hospitali. Wapokee, maana idadi inatakiwa. Mwenyekiti mchagueni asiyejua kushona, kwa sababu anayejua atakuwa na kazi ya kufanya. Tahadhari: kwenye orodha ya wanachama jina lako litakuwa la mwisho, na herufi moja itakuwa si yako.

Tatu, ile seti iliyomtoa jirani akili iache nyumbani. Waridi kila mtu analo. Maneno ya "Karibu Mgeni" yamekwishakaribisha wageni wa kutosha nchi hii. Maonesho yanataka kitu kikubwa kisicho na mahali pa kuwekwa: ramani ya Tanzania ya ukubwa wa shuka, twiga wa urefu wa mlango, Mwenge wa Uhuru wenye miali ya uzi wa dhahabu. Kama unataka mlima, darizi Kilimanjaro. Najua Uluguru iko hapo nyuma ya banda, ukiinua turubai unaiona yote, asubuhi imejifunika ukungu na mchana imejifunua. Hiyo ndiyo shida yake: mgeni amekwishaiona bure. Kilimanjaro anaitambua hata ikidariziwa vibaya, kwani ni mlima wenye kofia nyeupe, na uzi mweupe ni wa bei nafuu. Usijaribu sura ya kiongozi yeyote. Uzi ukivutika kidogo tu mdomo unapinda, na wewe ndiye utakayeeleza kwa nini umepinda. Tahadhari: kazi ya namna hii itakula miezi, na ikisharudi nyumbani haitoshi kwenye kochi, meza wala dirisha.

Nne, andaa lebo. Siku hizi kitu kisicho na lebo hakijatengenezwa. Weka jina la kikundi, namba ya simu, neno "asili" na picha ya jani. Jani halina uhusiano na kitambaa, lakini lipo kwenye lebo za wenzako wote, na wewe ni nani uliache? Kisha tia kila kitambaa kwenye mfuko wa nailoni unaong'aa na uubane kwa stepla. Mnunuzi hataweza kugusa mshono, kuupima uzito wala kuona rangi halisi ya uzi, na hapo ndipo utapata alama za ufungashaji. Kuhusu anuani, jihadhari. Ukiandika "Kingolwira" tupu, mgeni wa kutoka Dar es Salaam atakutazama kwa huruma na kukuuliza ulitoka lini. Nchi nzima inalijua jina hilo kwa magereza yake, likiwemo la wanawake, kuliko inavyowajua ninyi mnaolala nje ya uzio. Andika "Kingolwira, Manispaa ya Morogoro" na uache tabasamu lifanye kazi iliyobaki. Tahadhari: utaulizwa hata hivyo.

Tano, shughulikia upande wa nyuma. Hapa naomba utulie, maana ndipo penye mtihani wenyewe ambao haumo kwenye fomu yoyote. Mbele ya kitambaa kila mtu anaweza kudanganya. Nyuma ndiko kunakokaa mafundo, nyuzi zilizoruka kutoka ua hadi ua kwa uvivu, na rangi iliyoishia njiani ikamaliziwa na ndugu yake. Mshonaji wa kweli kitambaa hakitazami, hukigeuza. Kwenye kofia za mkono za Zanzibar na Lamu, zile zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, mshonaji hutumia wiki na hata miezi kwa kofia moja, na mnunuzi anayejua huivua kichwa cha muuzaji akaichungulia ndani kabla ya kutaja bei. Kwa hiyo ficha kila fundo, kata kila mkia, vuta kila uzi kwa mkono uleule. Majaji hawatageuza. Nakuhakikishia hawatageuza, kwa sababu kitambaa kimo kwenye nailoni yenye stepla. Watakaogeuza ni akina mama wa meza ya pili, wale waliokuja na vitambaa vyao. Watafika saa nne asubuhi, wakisema, "Tunaangalia tu, dada." Watafungua stepla kwa ukucha, watageuza, watatazamana, watarudisha. Hawatasema neno. Tahadhari: usiku huo hutalala, na hakuna cheti kitakachokusaidia.

Sita, jaza meza. Meza yenye vitambaa vitatu vizuri ni meza ya mtu mvivu. Yenye themanini vya kila namna ni meza ya uzalishaji. Usiogope, hakuna aliyejaza meza kwa kazi yake mwenyewe. Azima. Anza na kabati la bibi, ambako kuna mashuka na foronya za kudarizi, pindo zake zimefumwa kwa kroshia, zinanukia vidonge vya nondo, hazijawahi kulaliwa na mtu isipokuwa mgeni mmoja mheshimiwa enzi za Ujamaa. Lakini omba ruhusa kwa njia inayopitika. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti ndefu katika mali za nyumba. Atataka kujua vinakwenda wapi, vitarudi lini, na kikombe kikipatikana kitakaa kwa nani. Mwahidi kikombe bila kusita. Hiyo ni ahadi salama kuliko zote utakazotoa mwaka huu. Tahadhari: kitambaa pekee kitakachosifiwa juu ya meza yako kitakuwa cha bibi, nawe utaitikia "asante" kwa unyenyekevu wa aliyekishona.

Saba, jifunze kusema. Ukweli ni kwamba ulishona usiku, watoto wakiwa wamelala, maharage yakiwa jikoni, na umeme ukikatika ulisogea kwenye taa ya simu. Ukweli huo hauna alama. Mgeni rasmi akisimama mbele yako utakuwa na muda wa kutaja jina la kikundi, na pengine jina lako kama ni fupi. Kwa hiyo usianze na salamu ndefu. Sema "uzalishaji", sema "fursa", sema "changamoto ni mtaji". Mtaji usiusahau, hata wenye mtaji huusema. Halafu litakuja swali ambalo huulizwa kila meza tangu maonesho yawepo: "Mna mpango gani wa soko la nje?" Hapa wengi hubabaika. Wewe kaa imara, kwa sababu mji wako una uzoefu. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikapangiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kwenda Ulaya. Mashine zilikuja, mipango ilikuwepo, wataalamu walikuwepo. Ulaya iliendelea kuvaa viatu vyake. Kama milioni 4 zilipangwa na watu wenye suti, wewe na vitambaa vyako themanini jibu tu: "Mheshimiwa, tuko kwenye mchakato." Tahadhari: atafurahi, atakupa mkono, na mpiga picha atakuwa amesimama nyuma yako.

Nane, siku ya majaji usitoke bandani. Hawatangazi saa. Utawasubiri tangu alfajiri, umevaa fulana ya kikundi yenye ukubwa wa mtu mwingine. Utamwagia maji sakafu ya udongo kutuliza vumbi la Agosti, vumbi litahamia kwenye kitambaa cheupe, na kufikia mchana kitakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Utavumilia njaa, utavumilia haja. Saa nane na robo utasema, "Nakimbia mara moja tu." Hapo ndipo watakapofika. Watamkuta mwanachama yule wa sindano za hospitali, na yeye ndiye atakayeeleza aina za mishono. Wakati mwingine hujibu vizuri kukushinda, kwa kuwa hana wasiwasi. Ukibahatika kuichungulia fomu yao utaona usafi wa banda, mpangilio, ufungashaji, uelewa wa mtoa maelezo na kitabu cha wageni. Usitafute mahali palipoandikwa mshono. Kuhusu kitabu cha wageni usihuzunike mapema: wanafunzi hushushwa kwa mabasi, nao husaini chochote chenye kalamu. Ukurasa mzima utasomeka "Kazi nzuri", "Kazi nzuri", "Safi", "Kazi nzuri", na mmoja atachora mpira. Tahadhari: vipeperushi vyako vyote vitachukuliwa siku hiyo, na jioni utavikuta vimefungia karanga.

Tisa, wajue majirani zako, lakini usijipime nao. Upande mmoja kuna chuo kikuu cha kilimo, SUA, ambacho kimekuwa hapa Morogoro tangu 1984 na kinaweza kumleta ng'ombe mzima aliyeoga kuliko wewe. Upande mwingine kuna Magereza, na makochi yao ya mbao ngumu ambayo watu wazima huyakalia kwa kujaribu kisha wakakataa kuinuka. Utaona mara moja tatizo lilipo: wenzako wameleta kochi, wewe umeleta kitambaa cha kochi. Usione haya. Tandika kimoja pale juu, kwa ruhusa ya askari aliyepo, uone kinavyopendeza. Watu watasimama. Watashangaa. Watauliza bei. Tahadhari: watakuwa wanauliza bei ya kochi.

Kumi, bei. Ukitaka kubaki na akili zako, usipige hesabu ya saa ulizoshona. Hesabu hiyo ikikamilika, hata wewe hutamudu kununua kitambaa chako. Taja bei inayolipa uzi, nauli na soda. Mteja atavuta pumzi, atasema "Mh!", kisha atakufahamisha kwamba Kariakoo seti nzima ya mashine, yenye waridi hilohilo na dhahabu juu yake, inauzwa nusu ya hapo, na ukingoja bero la mtumba lifunguliwe unapata cha Ulaya chenye lesi. Anasema kweli. Waridi la mashine halikosei petali hata moja, wala mgongoni halina fundo. Usimweleze tofauti. Ukianza kueleza, utafika kwenye maharage na taa ya simu, na atakuonea huruma, na mwenye kukuonea huruma hanunui. Hukwambia Mungu akubariki. Waingereza walipofanya maonesho yao makubwa ya Hyde Park, London, mwaka 1851, majaji wakagawa medali za shaba kwa kazi za dunia nzima, waandaaji walikataza vitu visibandikwe bei. Walikuwa wameona mbali. Tahadhari: atakayenunua bila kuomba punguzo ni yule mama wa meza ya pili aliyegeuza, na atanunua ili akafumue aone ulivyofanya.

Kumi na moja, tarehe 8 yenyewe. Kaa kwenye turubai la jua, ingawa kuna turubai la kivuli. Lile lina watu wake. Sikiliza hotuba yote. Matokeo husomwa mwishoni, baada ya salamu za kila aliyekuja na za waliotuma mwakilishi. Kikombe cha kundi lenu kikitajwa kitapokelewa na halmashauri, kwa niaba yenu, kwa furaha kubwa, na kitakwenda kukaa kwenye kabati la kioo la ofisi. Kama unataka kukiona, nenda siku za kazi na kitambulisho. Mjomba mwambie ukweli kwa simu, si ana kwa ana. Kwako patabaki cheti cha ushiriki, chenye nembo nzuri na nafasi ya jina ambayo utaijaza mwenyewe. Tumia kalamu ya wino mweusi. Tahadhari: kabla hujamaliza kuandika, mafundi watakuwa wameshang'oa nguzo ya banda lako.

Kumi na mbili, usikate tamaa, kwa sababu hakuna atakayekuruhusu. Utaambiwa kosa lako lilikuwa kuanzia ngazi ya chini. Nenda Saba Saba, Dar es Salaam, mwezi Julai, ambako wageni ni wengi na banda ni ghali zaidi. Nenda Juakali na Nguvu Kazi, maonesho ya Afrika Mashariki yaliyoanzia Arusha mwaka 1999 na ambayo huzunguka nchi wanachama, ukashindwe kwa Kiswahili cha Kampala. Ukishindwa vya kutosha utaitwa mzoefu. Mzoefu hupewa fulana inayomtosha, kalamu na fomu, na hupitishwa meza kwa meza akiwa jaji. Siku hiyo utafika mbele ya mama fulani aliyetoka kukimbia mara moja tu. Kitambaa chake kitakuwa kizuri, mkono wako utataka kufungua ile stepla na kugeuza. Usifanye hivyo. Meza zilizobaki ni nyingi, mgeni rasmi anasubiri chakula, na kwenye fomu hakuna pa kuandika ulichokiona.

Fomu za ushiriki za mwakani uliza mapema kwa afisa maendeleo. Chukua mbili, ya kwanza utakosea kwenye kipengele cha "Zao Kuu".